Kimo cha Mtoto

Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Milima iko mgongoni, magharibi. Maji yako mbele, mashariki. Kwa hiyo jua linapochomoza juu ya milima ya Burundi, ng'ambo, halina cha kulizuia: linateleza juu ya maji na kukupiga usoni. Ukisimama ufukweni Kalundu saa kumi na mbili na nusu, mitumbwi inaporudi na ndagala, huzioni sura za watu walio mbele yako. Unaona maumbo. Mtumbwi mweusi, mtu mweusi anayeruka majini, beseni jeusi kichwani, na nyuma yao maji yanawaka kama bati jipya.

Wapiga picha wengi wanaukimbia mwanga huo. Wanazunguka, wanalipa jua mgongo, ili nyuso zing'ae. Rafiki yangu ninayemwandika hapa hufanya kinyume. Anafika kabla ya mitumbwi, anachuchumaa mpaka goti moja linaloa, kisha anaielekeza kamera jua linakotoka. Mchana anaishi kwa picha za arusi, za komunyo na za pasipoti, kama wenzake wote wa mjini. Alfajiri, siku ambazo hana arusi, anapiga picha za watoto wanaofanya kazi. Nimekaa naye asubuhi nyingi nikimshikia mfuko, na ninataka kueleza anachokifanya, kwa sababu ni ufundi, na ni mgumu kuliko unavyoonekana.

Kazi za watoto hapa ufukweni hazijifichi. Wapo wanaotoa maji ndani ya mtumbwi kwa kopo, wanaovuta kamba za nyavu wakiwa wamepangwa katikati ya watu wazima, wanaoanika ndagala juu ya mchanga na kukaa jua zima kufukuza ndege. Kwenye Mulongwe, mto uleule ulioshuka na mawe na kuua watu wengi Aprili 2020, wapo wanaochota mchanga wa kujengea na kuponda mawe kuwa kokoto. Njia ya Kavimvira, kuelekea mpakani, wapo wanaobeba mizigo ya wachuuzi. Na kila mahali kuna bidoni la njano la lita 20.

Lakini si kila mtoto anayeshika kamba ni wa kupigiwa picha ya mashtaka. Mtoto wa mvuvi anayefuatana na baba yake Jumamosi, akajifunza kusoma upepo na kufunga fundo, yuko shuleni pia, na shule hiyo ni ya zamani kuliko ile yenye ubao. Rafiki yangu hamwelekezei kamera huyo. Anamtafuta yule ambaye kengele ya shule imelia naye bado yuko kwenye mchanga. Yule ambaye mzigo umemzidi. Yule aliyelala ziwani usiku kucha. Sheria ya Kongo ya Januari 10, 2009 inayomlinda mtoto inakataza kumtia mtoto kazini kabla hajatimiza miaka 16. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019. Yote hayo yameandikwa. Kinachobaki ni kuonyesha, na kuonyesha kuna maswali mawili magumu: saa ngapi, na umri gani.

Swali la saa analijibu kwa kivuli. Ilinichukua muda kulielewa hilo. Nilidhani anapenda vivuli kwa uzuri wao tu, jinsi kivuli cha mtoto kinavyolala juu ya mchanga kama kitambaa kilichoanikwa. Siku moja alinionyesha picha mbili za mvulana mmoja, mahali pamoja, kazi moja. Katika ya kwanza kivuli kilikuwa kirefu mara tatu ya mwenyewe. Katika ya pili kilikuwa kimejikunja chini ya miguu yake. "Hii ya kwanza, mtu atasema ametoka kumsaidia mama kabla ya shule," aliniambia. "Hii ya pili, atasema nini?" Kivuli kifupi ni saa ya masomo. Hakuna msimamizi anayeweza kubishana na jua. Tangu siku hiyo, nikitazama picha yoyote ya mtoto kazini, macho yangu huanza chini, kwenye miguu.

Swali la umri ni zito zaidi. Watoto wengi wa hapa hawana cheti cha kuzaliwa. Ukimwuliza mwenye nyavu, atakuambia huyu ana miaka 17, ni mfupi kwa ukoo tu. Ukimwuliza mtoto mwenyewe, atasema umri alioambiwa aseme. Mpiga picha hawezi kupiga picha ya umri. Anaweza kupiga picha ya kimo, na kimo nacho hakionekani peke yake. Mtoto aliyesimama peke yake mbele ya maji anaweza kuwa na urefu wowote. Lazima awe karibu na kitu ambacho ukubwa wake unajulikana na kila mtu.

Hapo ndipo bidoni linapoingia. Nani katika Kongo yetu hajui bidoni la lita 20? Tumelibeba, tumelikalia, tumelilalia foleni. Likijaa, maji yake ni kilo 20, hakuna haja ya mizani. Kwa hiyo rafiki yangu anaweza kukaa nusu saa, kamera ikiwa tayari, akingoja tu msichana alishushe bidoni na kusimama kando yake kupumzika. Hamwambii asimame. Hamwambii chochote. Anangoja uchovu wake mwenyewe umsimamishe. Bidoni linamfika mtoto mapajani, na picha imekwisha kusema ilichokuja kusema.

Kuna Mmarekani aliyeufanya ufundi huu kabla yetu sote, na ninamkumbuka kila ninapomwona rafiki yangu akingoja hivyo. Lewis Hine alikuwa mwalimu New York, akaajiriwa mwaka 1908 na kamati ya taifa iliyopigania kukomesha kazi za watoto nchini Marekani. Kwa miaka kama kumi alizunguka viwanda vya pamba, migodi ya makaa, mashamba na viwanda vya samaki, akiwa na kamera kubwa ya sahani za kioo na unga wa magnesiamu wa kuwashia mwanga. Wenye viwanda hawakumtaka. Akajifanya muuza Biblia, muuza kadi za posta, mkaguzi wa usalama wa moto. Akishaingia, alijua kila kifungo cha fulana yake kiko urefu gani kutoka chini. Mtoto alipomkaribia, alimpima kwa macho: amefika kifungo cha pili, cha tatu. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, ukiandika kwenye daftari bila kutazama.

Ninaipenda sana habari ya vifungo. Watu wanapomsifu Hine husifu huruma yake, na huruma alikuwa nayo. Lakini huruma peke yake haijawahi kumshinda mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda naye anaweza kukuonyesha huruma yake: nimempa kazi mtoto wa mjane, ungependa afe njaa? Kilichomshinda ni inchi. Mwaka 1908, katika kiwanda cha pamba South Carolina, Hine alimpiga picha msichana kati ya safu mbili za mashine na kuandika kwamba ana urefu wa inchi 48, yaani kama sentimita 122, na kwamba amefanya kazi nusu mwaka. Mashine zinakwenda na kwenda mpaka mwisho wa chumba. Yeye amesimama na mkono juu ya mashine, na ukiitazama ile mashine unaona kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa kimo chake. Huo ndio ushahidi. Si machozi, hakuna anayelia katika picha hiyo.

Na kuna picha zake zinazotuhusu sisi wa ziwani kwa karibu. Agosti 1911 alifika Eastport, katika jimbo la Maine, kwenye viwanda vya kufungasha sadini. Watoto walikuwa wakikata samaki kwa visu vikubwa, na kujikata vidole. Hine alimwomba msichana wa miaka 9 akinyanyue kisu anachotumia. Basi. Msichana, kisu, na mkono unaokishika. Ndagala wetu ni wa ukoo mmoja na sadini wale, ingawa wao ni wa baharini na wetu wa maji baridi. Niliiona picha hiyo kwa mara ya kwanza na nikasikia harufu ya Kalundu.

Picha za Hine zilizohifadhiwa katika maktaba ya bunge la Marekani zimepita 5,000. Mwaka 1916 bunge lao lilipitisha sheria ya kukataza bidhaa za kazi ya watoto kuvuka mipaka ya majimbo. Mwaka 1918 mahakama kuu ikaifuta. Sheria iliyosimama ilikuja mwaka 1938. Miaka 30 tangu aanze. Miaka miwili baadaye Hine alikufa maskini, nyumba yake imekwisha chukuliwa. Ninayataja haya kwa sababu vijana wanaoanza kazi hii hapa Kivu huniuliza kama picha inabadilisha kitu, nami sitaki kuwadanganya. Inabadilisha, kwa mwendo wa mti wa mwembe. Anayepanda si lazima ale.

Kongo yenyewe ilikuwa mwalimu wa ufundi huu, na jambo hilo linasahauliwa. Kamati ile iliyomwajiri Hine ilianzishwa mwaka 1904. Mwaka huohuo, Mei 14, huko Baringa, kaskazini-magharibi ya nchi yetu, mwanamume aitwaye Nsala wa kijiji cha Wala alifika kwenye nyumba ya wamisionari akiwa na kifurushi cha majani. Walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR walikuwa wameua watu wake kwa sababu kijiji hakikutimiza kiasi cha mpira kilichodaiwa. Ndani ya kifurushi mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake, Boali, mwenye umri wa miaka kama mitano. Mmisionari Alice Seeley Harris alimwomba aketi barazani, viungo vile vikiwa mbele yake, akampiga picha.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara ninaona kazi ya mtu anayejua anachokifanya. Nsala amekaa upande. Hatutazami sisi. Anatazama chini, na macho yetu hayana njia nyingine ila kufuata ya kwake mpaka pale sakafuni, ambapo kuna vitu viwili vidogo. Mara ya kwanza huvitambui. Kisha unaona mguu wa baba, mkubwa, mzima, umekaa karibu, na kwa huo ndipo unapojua udogo wa ule mwingine. Baba amekuwa kipimo cha mtoto. Harris angeweza kusogea karibu, akapiga picha ya mkono na mguu peke yake. Hakuna ambaye angestahimili kuitazama, na ambaye angestahimili asingejua anatazama nini. Alisimama mbali kiasi cha kumpa Nsala nafasi ya kuwa baba anayeomboleza.

Picha hizo zikawa sahani za taa. Alice na mumewe John walizungusha taa yao ya maonyesho katika kumbi na makanisa ya Uingereza na Marekani, ukutani kikitokea kile ambacho mawakala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walikuwa wakikikana kwa barua. Mwaka 1905 Mark Twain aliandika kijitabu cha dhihaka dhidi ya mfalme huyo, na ndani yake akamfanya ailalamikie kamera. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo serikali ya Ubelgiji. Kazi ya shuruti haikuisha siku hiyo, babu zetu waliolima pamba na kujenga barabara wanajua. Ila kamera ilikuwa imeingia kwenye hesabu, na haijatoka.

Miaka 92 baada ya picha ya Nsala, kazi ya watoto ilipewa jina katika Kiswahili chetu wenyewe. Oktoba 1996, Lemera, kwenye miinuko inayoutazama uwanda wa Ruzizi, ndani ya wilaya yetu hii ya Uvira, muungano wa waasi wa AFDL ulizaliwa, na kabla mwezi haujaisha mji wa Uvira ulikuwa mikononi mwao. Walioteremka nao, na waliokusanywa njiani mpaka Kinshasa ikaanguka Mei 17, 1997, wengi walikuwa watoto. Tuliwaita kadogo. Neno lilikuwa la mapenzi, kama mtu anavyomwita mdogo wake, na mapenzi hayo ndiyo yaliyotufumba macho tusione kwamba ile ni kazi, tena mbaya kuliko zote. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 182, wa mwaka 1999, unaiweka hapo hasa: kumwandikisha mtoto kwa nguvu katika vita ni miongoni mwa kazi mbaya kabisa za watoto.

Picha za kadogo zilizosambaa duniani zilikuwa za aina moja. Mtoto, kofia ya chuma inayomfunika macho, bunduki. Sizilaumu zote. Lakini bunduki ni kipimo kinachodanganya. Inamkuza mtoto. Jicho linaiona bunduki kwanza, na anayeishika anapata kimo cha bunduki, anakuwa wa kuogopwa, na anayeogopwa hatuulizi kama amekula. Rafiki yangu ana msimamo mkali juu ya jambo hili, nami niko upande wake. Anasema picha ya kweli ya kadogo ni ya sufuria. Waliopita katika makundi ya milimani wanajua kwamba siku nyingi mtoto habebi bunduki; anabeba sufuria, maji, kuni, godoro la komanda. Kanuni zilizokubaliwa Paris mwaka 2007 zinasema wazi kwamba mpishi, mchukuzi na mpeleka habari naye ni mtoto aliyetumiwa na jeshi. Picha ya sufuria haiuziki magazetini. Ndiyo maana inataka fundi.

Na kimo kilifika mpaka mahakamani. Machi 14, 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga wa Ituri kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo. Ushahidi wa mashahidi kadhaa ulikuwa umeyumba. Kilichosimama kilikuwa, pamoja na mengine, video, mojawapo ya Februari 24, 2003, katika kambi ya Rwampara karibu na Bunia, Lubanga akizungumza na askari wake wapya. Majaji walizitazama sura na miili. Wakajiwekea tahadhari: yule ambaye angeweza kuwa na miaka 16 au 17 wakamwacha, wakahesabu wale tu ambao hakuna mtu mwenye macho angeweza kuwapa 15. Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria vifungo vya Hine. Majaji wa The Hague, na joho zao, walikuwa wakifanya kazi ileile ya mtu aliyeficha daftari mfukoni.

Sasa nirudi Kalundu, maana kuna jambo ambalo Hine hakulazimika kulipigania kama sisi. Hine aliandika majina. Jina, umri, mtaa, mshahara. Sisi hatuwezi. Mtoto wa ufukweni ana mama anayedaiwa na mwenye nyavu, na mwenye nyavu ana simu, na picha iliyopigwa asubuhi inaweza kuwa mfukoni mwake jioni. Mtoto aliyetoka msituni ana wanaomtafuta. Miaka fulani nyuma, shirika moja lilichukua picha ya msichana wa hapa, sura wazi, likaifanya bango kubwa la kampeni nzuri kabisa. Mama yake alilikuta bango barabarani. Hakukasirika kwa kelele. Alisimama pale, akaligusa shavu la mwanawe kwenye karatasi, akaniuliza watu wote hawa wamepita hapa tangu lini.

Tangu hapo najua kwa nini rafiki yangu hulitazama jua. Mwanga ule wa alfajiri, unaotoka nyuma ya mtoto, unafunika uso na kuacha kimo. Unaacha shingo iliyoingia mabegani kwa uzito. Unaacha goti lililokunjika na mguu unaotafuta mchanga mgumu. Kila kitu cha kazi kinabaki, na mtoto anabaki wa kwao. Wengine huweka mstari mweusi juu ya macho baadaye kwa kompyuta, nami siupendi, unamfanya mtoto aonekane mwizi. Wengine huufifisha uso mpaka mtoto anakosa kichwa. Hapa ni jua la Uvira lenyewe linalofanya kazi ya kumsitiri, mradi mtu awe tayari kuamka saa kumi na kuloa goti.

Kabla ya yote huongea na kina mama wa ndagala. Nimesikia mazungumzo hayo mara nyingi sana.

"Jambo mama."

"Jambo sana papa. Hii foto itaenda wapi?"

Hajibu haraka. Anamwambia ofisi gani itaiona, mji gani, na kama hajui anasema hajui na kamera inabaki mfukoni. Hawaahidi shule wala pesa. Wapo wanaokataa, na baada ya wiki mbili anawakuta sokoni na kuwasalimu vilevile. Wanawake wengine humwongoza wenyewe: njoo uone wale wa kwenye kokoto, vidole vyao. Mama anapouliza picha itaenda wapi, anaipima safari ambayo hataweza kuifuata. Sijui kama mtu yeyote alimpa Nsala nafasi ya kuuliza.

Akishapiga, anaandika. Mkanda wake wa suruali uko sentimita 98 kutoka chini. Alijipima kwa futi ya fundi cherehani jirani yake. Mfuko wa shati ni 125. Daftari lake la shule lina kurasa za namna hii: mahali, saa, kazi, mzigo, mkanda au mfuko, siku ngapi kwa wiki, anasoma au la. Jina hakuna. Naona daftari hilo ni nusu ya ufundi, na pengine nusu kubwa. Picha bila maandishi ni kivuli kizuri cha mtoto asiyejulikana, mtu ataitundika ukumbini. Picha yenye maandishi ni karatasi ambayo mkaguzi wa kazi au mwalimu mkuu hawezi kuirudisha kwenye droo bila kujua ameirudisha.

Ziko njia ambazo karatasi kama hizo zimefika mbali. Mwaka 2005 Human Rights Watch walipotoa ripoti juu ya dhahabu ya Ituri, picha za Marcus Bleasdale kutoka machimboni zilikwenda nayo, na kampuni ya Metalor ya Uswisi ikaacha kununua dhahabu kutoka Uganda. Bleasdale alikuja kutoka Ulaya. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa korona, mradi wa Congo in Conversation, ulioongozwa na Finbarr O'Reilly kwa msaada wa taasisi ya Carmignac, uliwaachia kazi wapiga picha wa nyumbani: Arlette Bashizi, Moses Sawasawa, Ley Uwera, Guerchom Ndebo, Raissa Karama Rwizibuka na wenzao. Kwangu, hapo ndipo kamera ilipobadilisha mikono. Anayepiga picha ya mtoto wa Kivu sasa ni mtu ambaye alibeba bidoni hilohilo.

Hesabu ya dunia iliyotolewa mwaka 2025 na Shirika la Kazi Duniani na UNICEF ilisema watoto milioni 138 walikuwa kazini mwaka 2024, milioni 54 kati yao katika kazi za hatari, na sehemu kubwa wako kwenye kilimo, ambamo uvuvi nao huhesabiwa. Nilimsomea rafiki yangu takwimu hizo. Akasikiliza kwa heshima, akaendelea kuifuta lenzi kwa kitambaa cha miwani.

Asubuhi ya mwisho niliyokaa naye ilikuwa kavu na bila upepo. Msichana alitoka majini na bidoni lake, hatua kumi, akalishusha. Alisimama kando yake, mkono mmoja juu ya mfuniko, mwingine kiunoni, kichwa kimeinama kidogo kuelekea mlima. Jua lilikuwa nyuma ya sikio lake. Nilisikia kamera ikilia mara moja tu. Nilikuwa nimezoea kumwona akipiga nyingi na kuchagua. Alipopiga moja nilijua ameipata.

Alinionyesha kwenye kioo kidogo cha nyuma. Sijaona picha iliyokaa vizuri hivyo. Kimo, mzigo, saa, kila kitu kilikuwa mahali pake, na uso ulikuwa giza safi.

Msichana naye alikuja kutazama, kama wote wanavyokuja. Rafiki yangu akaishusha kamera mpaka kwenye urefu wake.

"Ni mimi?"

"Ni wewe."

Akatazama sana. Kisha akacheka, akaweka kidole juu ya kioo, si kwenye mtoto, kwenye bidoni. Ubavuni, ambapo mwanga ulipenya plastiki ya njano, palionekana kiraka: mahali palipotoboka na kuzibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa kwa kisu cha moto, umbo la jani. "Hili ni letu," alisema. "Mtaa mzima wanalijua."

Rafiki yangu alibaki amechuchumaa. Alikipanua kile kiraka kwenye kioo, akakitazama, akakirudisha. Msichana alikuwa amekwisha kujitwika na kuondoka. Nilijaribu kusema kwamba ofisini hakuna atakayelijua bidoni la mtu wa Uvira, lakini sikuimaliza sentensi. Alibonyeza kidude cha kufuta, kamera ikamwuliza kama ana hakika, akabonyeza tena.

Kwenye daftari aliandika: Kalundu, saa kumi na mbili na dakika 40, maji, lita 20, inchi nne chini ya mfuko. Akapiga mstari juu yake.

Nikamwuliza kama atarudi kesho. Akatazama juu ya milima, ambako mwezi mweupe ulikuwa bado haujazama, karibu duara kamili. Mwezi ukiwa mkubwa hivyo taa hazivuti ndagala na mitumbwi hailali ziwani. "Baada ya siku saba," alisema, "au nane."